Madigadi ya Dumu la Manjano

Kaka yangu Ruatfela aliikata mkia pikipiki
usiku wa kuamkia Pasaka, kwa msumeno wa chuma,
bila kuniuliza mimi ninayeipanda.
"Itazame sasa," akasema, "imeinua kiuno kama nyigu."
Na kweli ilipendeza. Sisemi uongo.
Ilipendeza wiki tano nzima,
hadi mvua ya Mei ilipoikwea milima ya Mizoram
na njia ya kwenda shuleni ikawa uji.

Tope la kwetu ni jekundu na halisahau.
Gurudumu la nyuma lililichota, likalirusha,
likanichora mstari toka kiunoni hadi kisogoni,
mnyoofu kuliko ninaouchora kwa rula.
Nikisimama kuandika ubaoni, nyuma yangu minong'ono:
kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa.
Darasa la tatu linahesabu madoa.
Sikuwakemea. Hesabu ni hesabu.
Tena aliyefika hamsini na mbili ni Zodinpuia,
ambaye jana yake thelathini ilimshinda.

Nilirudi nyumbani nikalitundika shati mbele ya kaka.
Mimi kimya. Shati likasema.

Akatwaa dumu la manjano la mafuta ya kupikia,
akalipasua ubavu, akalipasha juu ya moto wa kuni
mpaka plastiki ikalegea kama mtoto wa kipindi cha mchana.
Akaikunja pajani, juu ya gunia bichi,
akiufuata mviringo wa tairi, jicho moja amelifumba.
Ribiti nne.
Mbele akaning'iniza kipande cha tyubu kuukuu,
pale injini inapotukanwa na gurudumu la kwanza.
"Imebana," akajisifu. "Hata kidole hakipenyi."

Kidole hakikupenya.
Tope lilipenya, likakaa.
Kwenye mteremko wa mashamba ya tangawizi
gurudumu lilikaba ghafla, kama mtu aliyepaliwa,
nami nikaendelea na safari peke yangu
hadi mtaroni.
Bi Biakthangi akaacha jembe, akaniuliza kama nimeumia,
kisha akacheka. Kwa mpangilio huo,
na ninamshukuru.
Nusu saa nzima nilichokonoa tope kwa kijiti cha mwanzi.
Lilitoka kwa vipande virefu, vyenye alama za tairi,
kama matofali ya nyumba ya panya.

Kaka akasikiliza, akakuna kidevu.
Akaitafuta ndala ya baba, ile ya kushoto,
ya kulia ilishakwenda na mto,
akaikata vipande mraba, akavipachika chini ya bolti.
Madigadi ikapanda vidole vitatu.
Tope sasa lina pa kupitia.
Lakini sura! Kofia ya kuazima
kichwani mwa bwana harusi.
Usiku nilimsikia akigeuka kitandani.
Si tope lililomnyima usingizi.

Alfajiri nikamkuta na gundi ya karatasi na makopo matatu,
vazi la mama la kufumwa limelazwa mezani,
anahamisha mistari yake, uzi kwa uzi,
nyeusi, nyekundu, nyeupe,
juu ya manjano ya dumu.
Mama akatoka na chai, akainama, akatazama sana.
"Huu wa tatu umepinda," akasema.
"Ungekuwa wangu, ningeufumua."
Kisha akashika mwisho wa gundi
ili kaka apulize rangi kwa mikono miwili.

Jumatatu ilinyesha tangu usiku.
Nimefika, nimevua koti, nimewageuzia mgongo,
nimeandika tarehe. Kimya.
Nimeandika kichwa cha somo. Kimya,
kimya cha watoto walioporwa kitu.
Ndipo Zodinpuia akanyoosha mkono:
"Mwalimu, nyuma ya sikio.
Moja."