Pumzi ya Kutoka

Ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.
Siku ya tatu ile navuta kamba,
kiganja kimechubuka, bega si langu tena,
na Nsimire mlangoni anahesabu kwa sauti:
arobaini na moja, arobaini na mbili.
Nikimwambia nyamaza, anahesabu kwa vidole.

Ni mashini ndogo, ya kukata majani,
ya hatua mbili tu: kupanda, kushuka,
kama sisi wa Kadutu,
asubuhi chini Muhumba kwenye nyua za watu,
jioni juu, na mfuko wa unga begani.
Haina vali, haina mengi ya kuharibika.
Ndivyo alivyoniapia aliyeniuzia.

Nilianza na buji. Niliifungua,
nikailaza juu ya chuma, Nsimire akavuta:
tap! Cheche ya buluu, nzima, kali
kama jicho la mama mkwe.
Basi moto upo.
Nikanusa ncha yake: imelowa.
Basi esansi inafika.
Nikaziba tundu kwa kidole gumba,
pistoni ikanifukuza kidole.
Basi nguvu ipo.
Sifongo ya hewa niliifua kwa sabuni ya mche,
nikaianika kambani pamoja na soksi za mtoto.
Nikamwaga mchanganyiko wa zamani, nikapima upya,
vifuniko sita vya oli kwa chupa ya lita,
esansi ya kuazima, ghali kuliko maziwa.

Fundi Lwaboshi akapita, akasimama, mikono mfukoni.
"Kabiratera hiyo."
Kila kitu kwake ni kabiratera;
hata ndoa ya dada yake ilivunjwa na kabiratera.
Akaifungua, akaipuliza, akairudisha,
skrubu moja ikabaki kiganjani, haina kwao.
Akaniachia, akaenda zake.

Miezi mitatu ilikuwa imekaa,
kwanza chini ya kitanda, halafu nje, ukutani,
tangu wenye nyua walipofunga milango
wakavuka Ruzizi na masanduku,
na majani ya Muhumba yakapanda hadi madirishani
bila wa kuyauliza.
Sikuifunika. Nilidhani chuma hakiumwi na kukaa.

Ni Nsimire, kachoka kuhesabu,
aliyeweka mkono kwenye mdomo wa ekzosi
nilipovuta, akangoja upepo.
"Baba, hapa hakutoki kitu."

Sikumwamini. Nikaweka wangu.
Kimya, kama dirisha la ofisi saa sita mchana.
Nikachukua spoku ya pikipiki, nikachokoa,
na udongo ukaanguka, mkavu, mwekundu,
uliofinyangwa vyumba vyumba,
kila chumba na buibui wake aliyelazwa
na funza mweupe, mnene, asiye na haraka.
Dondola alikuwa amejenga.
Miezi yote ile niliyosema Bukavu hakuna kazi
yeye alibeba tope, donge kwa donge,
akapata nyumba isiyodaiwa kodi.

Tuliuliza inakunywa nini,
inavuta hewa gani, moto wake uko wapi.
Hakuna aliyeuliza inatolea wapi pumzi.
Na mimi, nani ameniuliza?

Mara ya kwanza haikuwaka.
Ya pili ikanitemea vumbi jekundu usoni.
Ya nne
ikanguruma! Moshi wa buluu ukajaa uani,
kuku wa jirani wakaparamia bati,
mama Mwamini akafoka kutoka jikoni kwake,
na Nsimire akaziba masikio, anacheka, anaruka.
Niliizima upesi. Esansi ni ya kuhesabu.

Kesho nashuka Muhumba kugonga mageti.
Pengine mlinzi atafungua, pengine mlinzi naye kaenda.
Udongo wa dondola Nsimire ameuweka
ndani ya kopo la sardini, ukutani, juani.
"Mama yao atakuja kuwatafuta," anasema.

Skrubu ya Lwaboshi iko mfukoni mwangu.
Sijui ni ya wapi.
Inawaka bila hiyo.