Kura Tisa

Nimevaa kizibao chenye neno MWANGALIZI mgongoni,
kikubwa, kimekatwa kwa kipimo cha mwanamume.
Kazi yangu ya siku zote ni kofia za vito:
natoboa, nazungushia uzi, nahesabu.
Kitobo kimoja kikizidi, ua zima hupinda,
na mnunuzi ajuaye hulitambua gizani, kwa kidole.
Labda ndiyo sababu walinichagua.
Au kwa kuwa sina ndugu aliyegombea.

Sheria niliyofundishwa ni fupi:
Tazama. Andika. Usiseme.

Ukumbi wa shule, Lamu, saa tisa usiku.
Feni moja yazunguka, ya pili yalalamika tu.
Wasimamizi wa vituo wamesinzia juu ya masanduku yao
kama abiria waliokosa boti ya mwisho ya Mokowe.
Mmoja mmoja huitwa mezani.
Bahasha hukatwa, fomu hunyooshwa kwa kiganja,
na Bwana Msellem husoma kwa sauti iliyokauka:
waliojiandikisha, waliopiga, zilizoharibika, halali.
Halali, halali, usiku kucha halali,
hadi neno likaanza kunipotea maana.

Akaitwa Famau, kituo cha pili, Matondoni.
Kijana, mwalimu wa chekechea,
bado ana chaki kwenye mfuko wa shati.
Tarakimu: 187.
Maneno: mia moja sabini na nane.

Bwana Msellem alisoma tena, polepole,
kama mtu aliyesikia mlango ukibishwa na hana hakika.
Kikokotoo kikapigwa mara tatu.
Mara tatu jumla ikakataa. Zimezidi tisa.

"Niliandika kwa mwanga wa simu," Famau akasema.
"Mbu walikuwa... sikumbuki."

Viti vikaanguka. Huyu: wizi!
Yule: tisa ni kitu gani?
Mtu wetu kawaacha kwa mia tatu na ushei,
hata mkizifuta tisini! Tuendelee, alfajiri hiyo.

Nami daftari langu liko mapajani,
ukurasa wa kumi na nne, vijiti vitano vitano.
Nilikuwepo. Kila karatasi ilipoinuliwa nilichora.
178.
Ulimi wangu, uzi uliobanwa menoni.
Usiseme.
Nilimtazama Famau akisugua chaki mfukoni
na nikauchukia mgongo wangu na neno lake kubwa.

Ndipo akasimama Bwanaadi, fundi wa mafriji,
wakala wa huyo huyo aliyeongoza,
wa hizo hizo tisa.
Akafungua mfuko wa mkate,
akatoa nakala yake iliyokunjwa mara nne,
akaibandua kama plasta.
"Yangu ina sabini na nane."

Wenzake wakamtazama
kama mtu aliyetema mate ndani ya sinia ya pilau.
"Za kwetu zatutosha," akasema, akaketi.

Mstari mmoja kwa rula, si kufuta, kukata tu,
ili kosa lisomeke.
Juu yake, tarakimu sahihi. Kando yake, sahihi.
Mawakala wakatia zao; mmoja akagoma,
akaandika sababu zake kwa herufi kubwa, kwa taabu,
na karatasi yake nayo ikabanwa pamoja na zingine.

Cheti kikajazwa saa mbili asubuhi.
Kalamu ya Bwana Msellem ikakwama kwenye jina la mshindi.
Akageuka, akanyoosha mkono kwangu.
Nikasita: kuazima kalamu, je, ni kusema?
Nikampa.

Njiani Langoni vigelegele vilinipokea, si vyangu.
"Nani kashinda?" akauliza Mwanakheri dirishani,
naye jina analijua tangu usiku.
Nilitaka kumweleza habari ya tisa,
ya mfuko wa mkate, ya chaki.
Mdomo ulikuwa umekwisha kuzoea.
Nikamtajia jina.

Kalamu yangu hakuirudisha.