Maji Yakisimama kama Shanga

Ananiuliza tena, kila Jumamosi ananiuliza,
Mwalimu Onzima, kofia mkononi:
"Ayikoru, gari lioshwe mara ngapi?"
Kana kwamba vumbi la barabara ya Koboko
lina kalenda.

Namjibu nimeinama, ndoo kati ya miguu:
kiangazi, Mwalimu, kila juma.
Januari, upepo ukishuka na mchanga wake,
hata mara mbili, hutalaumiwa.
Masika, anza na matope ya chini,
penye matairi, kutu inapofanya kazi
kimya kimya kama mchwa.
Kinyesi cha ndege usikilaze,
kinakula rangi kuliko riba inavyokula mshahara.
Sabuni ya kufulia shuka, hapana.
Kitambaa kilichoanguka chini, hata kiwe kipya, hapana:
kimeshaokota changarawe,
kitakuandikia barua mlangoni.

"Na nta?"

Nta usiihesabu kwa vidole. Mwagia maji boneti.
Yakisimama kama shanga, nta ingalipo.
Yakilala kama shuka lililolowa, leta kopo.
Kwa jua hili la Arua, miezi mitatu,
zaidi ya hapo unajidanganya.

"Na polishi?"

Hapo natupia kitambaa begani, nasimama wima.
Polishi si mafuta ya kujipaka, Mwalimu.
Polishi ni msasa wenye adabu.
Kila ukisugua inaondoka na kidogo,
kidogo usichokiona,
mpaka siku unakiona.
Mara moja kwa mwaka. Ukiweza, uache.

Hasikii. Kopo lake limetoka Ariwara, ng'ambo,
analifungua kwa ncha ya ufunguo
na kusugua mwenyewe, duara juu ya duara,
boneti upande wa kushoto, pale pale,
hata buluu imekuwa maziwa,
na maziwa yamepasuka yakaonyesha kijivu
cha rangi ya msingi,
upana wa kisahani cha chai.

Drate na Candia walicheka mwanzoni.
Maana gari hili haliendi.
Vijana wanne hulisukuma kutoka Mvara,
kuja kwa mteremko, kurudi kwa jasho,
na malipo yao yanazidi yangu.
Saa ya maili imelala kwenye namba ile ile
tangu nianze kazi hapa nikiwa na mimba,
na mtoto mwenyewe sasa ndiye anayenihesabia ndoo.

Aprili moja, mvua imefukuza wateja,
nikafungua mlango wa abiria, brashi mkononi.
Mwalimu akaja mbio, maji kifundoni:
"Ndani hapana!"

Nilikuwa nimeshaona.
Zulia la mbele ya kiti cha kushoto,
udongo mwekundu uliokauka,
nyayo mbili, ndogo,
kisigino kimoja kimezama kuliko kingine
kama cha mtu anayejiandaa kushuka.

Sikuuliza. Enyau ulikuwa umejaa, unanguruma.
Nikaufunga mlango ule
kama unavyofungwa mlango wa chumba cha mgonjwa
aliyepata usingizi.

Tangu hapo majibu yangu hayajabadilika:
kuosha kila juma,
nta ukiona shanga zimekwisha,
polishi, Mwalimu, nakusihi.
Ila kopo lake likiisha, mimi ndiye ninayelijaza,
nyuma ya tangi, nikimpa mto mgongo.
Naweka nta tupu.
Anasugua, anasugua, pale pale,
na kijivu hakijaongezeka tangu Idi.
Hajui.
Au anajua, naye ananisitiri kama ninavyomsitiri.

Jumamosi iliyopita alichota maji kwa kiganja,
akamwagia kile kisahani cha kijivu.
Yakasimama, punje punje, yanang'aa.
Aliyatazama muda mrefu.
Kisha bila kuinua uso:
"Ayikoru, na ndani... ndani huoshwa mara ngapi?"

Nikageuka, nikaanza kusuuza ndoo
ambayo tayari ilikuwa safi.