Gurudumu la Mbele

Watu wengine, nasikia, hupunga upepo.
Mimi naula.
Naula tangu Kabale, saa mbili asubuhi,
ukungu ungali umelalia mashamba ya viazi,
naula kwa meno, kwa kifua, kwa namba sitini na nne
iliyobanwa mgongoni kwa pini nne, moja ina kutu.
Na nyuma yangu, shibiri moja tu kutoka tairi langu,
Akampurira anapumua kama mtu aliye kwao.

Mwalimu wetu wa Kiswahili alipenda kutukaririsha:
mchumia juani hulia kivulini.
Hakutuambia kivuli kinaweza kuwa mgongo wako,
na anayelia humo akawa mwingine.

Kocha Rwabushenyi alichora njia kwa mkaa
sakafuni mwa bweni, usiku wa kuamkia mashindano.
"Huyu ndiye mshale," alisema. "Ninyi upinde."
Upinde hauendi popote, nilitaka kumjibu.
Nikaomba chumvi.

Siku ya kwanza nilibeba chupa tisa,
kifuani, mgongoni, moja shingoni ndani ya jezi,
nikapanda vilima vya Ntungamo nimevimba
kama mjamzito wa mapacha;
watoto wa shule walicheka mpaka wakakaa chini.
Siku ya pili nilimfukuza kijana wa Masaka
aliyechomoka kundini pale Rwahi.
Si kumshinda. Kumchosha.
Kuna kazi kama hiyo duniani:
kukimbia ili fulani asifike.

Siku ya tatu, Kanaba.
Sijui ni bushera ya jana au ni nini,
miguu iliamka kabla yangu.
Mnyororo haukuwa na neno.
Mianzi ya Echuya ikapita,
mlima ukateremka chini yangu kama mkeka unaokunjwa.
Mbele walibaki wanne. Niliwatazama mabega:
walikuwa wanakufa.
Nami kimoyomoyo nilikuwa narudia
jedwali la saba, kwa raha tu.

Ningeweza kwenda.
Nalisema hapa mara moja, sitalirudia.

Kisha nyuma yangu: fyuuu.
Akampurira hakuita jina.
Aliinua mkono tu, kama mwanafunzi anayejua jibu.
Gari letu lilikwama nyuma ya lori la mbao, kona tatu chini.
Mikono yangu ilifanya kazi moyo haujaulizwa:
legeza breki, fungua, chomoa, mpe.
Sekunde kumi na nane.
Nikamsukuma kiunoni; kiganja kikabaki na jasho lake,
naye akazama ukunguni na gurudumu langu.

Baiskeli ya gurudumu moja
haipandiki wala haiachiki.
Niliishika pembe, kama mbuzi wa kuuza asiye na mnunuzi.
Mama mmoja akaweka jembe chini:
"Umeanguka?"
"Hapana."
"Sasa wangoja nini?"
Sikuwa na jibu fupi.
Akafungua kitambaa, akanimegea kiazi kitamu kilichopoa,
tukala tukitazama barabara tupu.
Ukungu ukapasuka, Muhabura ikatokea nzima,
kisha ukafungwa tena, kama mlango wa mtu mwenye wageni.

Kisoro: Akampurira wa kwanza, kwa sekunde nne.
Namba sitini na nne: wa hamsini na tatu.
Walimpiga picha ameinua baiskeli juu ya kichwa,
na gurudumu la mbele lilikuwa bado linazunguka.

Usiku alilileta mwenyewe,
amelifuta tope, spoku moja moja.
"Linavuta kushoto kidogo," alisema.
"Najua. Nimelizoea."
Alikuwa na roleksi mbili kwenye gazeti, akanipa iliyo nene.
Akaenda. Akarudi mlangoni.
"Leo, pale juu," alisema, "nilikuwa nyuma yako.
Niliona ulivyokuwa."

Pampu ilikuwa mkononi mwangu.
Nikainama,
nikaendelea kulijaza upepo.