Nani Kaloa

Kwenye korido ya gesti, karibu na stesheni ya Dodoma,
kati ya chumba namba nne na bomba lisilotoa maji,
kuna picha ya waungwana wanne wakivua samaki.
Chini pameandikwa mwaka: elfu moja mia nane hamsini na kitu.
Tarakimu ya mwisho imeliwa na mchwa.

Mimi ndiye ninayeifuta. Vumbi la mji huu halina adabu,
linaingia hata pale palipochorwa mto.
Kila asubuhi mto wao unaamka mwekundu;
napitisha tambara, unarudi kijani.

Kofia zao ndefu kama vinu vilivyopinduliwa.
Mmoja ana saa ya mnyororo tumboni.
Mwingine anacheka, fimbo ya ndoana begani
kama mwavuli wa mtu aliyewahi kufika harusini.
Samaki kalala nyasini, mnene,
na hakuna anayemtazama kwa njaa.
Nikadhani ndiyo raha yenyewe:
kuvua, na nyumbani hakuna sufuria inayokungoja.

Jumanne mjomba Chilewa alileta perege kutoka Hombolo,
ndoo mbili chini ya gunia lililoloweshwa.
Bwawa limerudi nyuma, alisema,
tunayafuata maji juu ya tope lililopasuka kama visigino.
Akasimama mbele ya picha, ndoo zinadondosha.
Nikangoja acheke kofia.

"Jua liko mgongoni mwao," akasema.
"Vivuli vimelala juu ya maji.
Samaki gani asiyeona vinu vinne vikimjia?"
Akasogea. "Na viatu. Tazama viatu. Vikavu!"

Kidole chake, chenye magamba, kikatembea juu ya kioo
hadi pembeni, chini, ninapofutaga harakaharaka:
kijana ameshika kikapu, pekupeku,
suruali imekunjwa,
rangi imekolea kuanzia magotini kushuka.
"Huyu ndiye kaloa."

Miaka mitatu namfuta. Sijawahi kumwona.

Basi. Akapeleka ndoo jikoni, zikapimwa;
Hombolo zilikuwa kilo kumi na moja,
mzani wetu ukasema tisa.
Meneja akamwambia, pesa Ijumaa.
Mjomba akaitikia, akakunja gunia,
akatokea mlango wa nyuma.

Sakafuni, kutoka kwenye picha hadi jikoni,
nyayo zake za maji.
Nilikuwa na tambara mkononi.
Niliziacha zikauke zenyewe.