Vidole Viwili

Kila Jumamosi nilimkata baba kucha.
Mkono wa kushoto zote, hadi kwenye nyama.
Wa kulia niliachiwa vidole vitatu tu,
vile visivyosikia tena wembe wala moto.
Gumba na cha shahada, usiguse.
“Wengine wana shahada ya padri, ya mwalimu.
Mimi ninayo hii,” akakiinua, akacheka peke yake.

Anakleti Mwewa, mtu wa tanuru, namba 4417.
Siku moja tanuru lilitema:
tone la shaba, jekundu, dogo kama punje ya hindi.
Halikuanguka chini.
Kampani ikaleta blanketi, miche miwili ya sabuni
na barua ya Kifaransa. Katekista alitusomea mara mbili.
Mara zote mbili ilisema hapana.

Gitaa lilikuwa la karani wa reli, ubavu umepasuka.
Baba aliuziba kwa ulimbo na ubao wa sanduku la chai.
Uzi mnene ulikuwa waya wa breki ya baiskeli,
na tulipouliza baiskeli ya nani
alianza kukaza nyuzi.

Mwaka mzima lilikohoa tu.
Kisha usiku mmoja, Katuba nzima giza,
gumba likaingia zamu:
hatua, hatua, buti la mlinzi kwenye changarawe.
Na shahada ikawa mwanamke
anayeamka kabla ya king’ora,
anachota maji, anamsengenya jirani,
anacheka, anamwaga, anarudi bombani.
Mlinzi hakugeuka. Mwanamke hakungoja.
Nyumba moja, njia mbili.

*Ee dohani ndefu, unavuta tumbako ya nani?*
*Moshi ni wako. Mapafu ni ya nani?*

Wageni waliokuja na mashine ya kunasa sauti
waliita buluzi, wakaandika kwenye karatasi.
Sisi tuliita “ya Mwewa.”
Mama aliita kelele,
mpaka wiki unga ulipoisha;
hapo akaja kuketi kizingitini
na sufuria ya bukari, tupu, magotini,
asiseme neno.

Kaseti zikatoka, Kipushi, Kolwezi, hadi ng’ambo ya mpaka.
Vijana wakafika na baiskeli, miguu vumbi jekundu.
Hakuwafundisha kwa mdomo.
Alipiga. Wakatazama mkono.
Alikufa msimu wa uyoga, mvua ya kwanza,
kucha mbili ndefu. Sikuzikata.

Jana, Rwashi, kwenye baa,
umeme umekubali, kijana wa shati linalometa
anaipiga ya Mwewa.
Vidole vyake vitatu amevikunja kiganjani
kama mtu anayeficha deni.
Vizima. Vilaini. Kimoja kina pete.
“Ndiyo mtindo wenyewe, mama,” jirani ananinong’oneza,
“usipokunja, haitoki.”

Nilitaka kusimama. Nilitaka kusema
punje ya hindi, sabuni, namba.
Lakini gumba lilikuwa limeshaingia zamu,
buti, changarawe,
na yule mwanamke alikuwa anachota maji
kana kwamba bomba halijawahi kukauka.

Nikanywa soda yangu ikiwa moto.
Nikamtazama mkono:
kucha ya gumba ndefu, ya shahada ndefu,
hizo nyingine zimekatwa vizuri, hadi kwenye nyama.
Nani anamkatia?