Yah: Kuvunjwa kwa Kufuli la Stoo

Mganga Mfawidhi,
barua yako nimeipata, ile iliyonipa siku saba nijieleze.
Siku saba zimekuwa miaka tisa. Niwie radhi,
mkono wangu ulizoea jembe kuliko kalamu.

Nakiri kufuli lilikuwa zima.
Nakiri lilikuwa mali ya Zahanati ya Igunguli,
limo kwenye leja, mstari wa kumi na nne,
na shilingi elfu nne na mia tano
zilikatwa kwenye mshahara wangu wa Novemba.
Sikulalamika. Nalalamika sasa.

Kifuku kilikuwa kimeanza.
Siwema, mke wa Kapaya, aliletwa kwa baiskeli
amefungwa kwa khanga mgongoni mwa mumewe asianguke.
Mtoto akatoka saa nane za usiku,
analia kama bawaba isiyopakwa mafuta.
Kisha damu.
Kisha damu tena.

Nesi Kabula akaniita: Mihambo, sindano ipo.
Ipo!
Hatua sita, nilizipima kulipokucha,
ndani ya friji, nyuma ya mlango, nyuma ya kufuli,
na ufunguo umo mfukoni mwako, Urambo,
kwenye semina ya siku nne
ya kuboresha huduma.

Tukakupigia. Simu ikatuambia tujaribu baadaye.
Damu haina baadaye.

Nikachukua jembe.
Mapigo matatu. La tatu ndilo lililojibu.

Hukuwa mtu mbaya, hilo nalo liandikwe.
Mama yangu ulimnunulia dripu kwa fedha yako.
Dawa ziliwahi kuota miguu hapa kabla yako,
nawe ukaapa hazitaota tena.
Ukamlinda mwizi asiingie,
ukasahau kuwa mgonjwa naye hupita mlango huohuo.
Mali bila daftari, wanasema, hupotea bila habari.
Wewe daftari ulikuwa nalo.
Ulilifungia pamoja na mali.

Ulipohamishwa akaja Kalunde,
mfupi, sauti ndogo, hotuba hana.
Siku ya kwanza akaniomba nyundo na msumari.
Nikadhani ni ya kutundikia ile picha ya ofisini.
Akaupigilia ukutani, chumba cha kujifungulia,
akatundika ufunguo,
na pembeni yake daftari la kurasa arobaini
linaning'inia kwa uzi wa kufungia tumbaku:
nani kaingia, saa ngapi, katoa nini, kimebaki nini.
Wa zamu ya usiku haendi kulala
mpaka asome ukurasa pamoja na wa asubuhi,
kidole juu ya mstari, kama watoto wa chuoni.

Nilingoja wizi. Mimi ni mlinzi, kungoja ndiyo kazi yangu.
Haukuja.

Msumari hauzai dawa, nisikudanganye.
Februari rafu zilikauka kama zamani,
ila safari hii tulijua wiki tatu kabla,
pikipiki ikaenda Usoke ikarudi na kasha
huku wajawazito hawana habari
kwamba kulikuwa na la kuwatisha.
Maji bado tunachota.
Kitanda cha pili bado mguu wake mmoja ni tofali.

Siwema anauza karanga pale njia ya stesheni.
Yule wa bawaba yuko darasa la tatu, mtoro wa hesabu.
Akipita zahanati huuliza kwa nini mlango wa stoo
una kovu.
Namwambia: mlango ulichelewa kuelewa.

Kufuli ulitaka nilirejeshe, nikasema limepotea.
Hilo lilikuwa uongo, na ndilo kosa pekee ninalolijua.
Limekaa juu ya karatasi hii
upepo usiichukue.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mihambo Ngassa,
mlinzi, zamu ya usiku, mstaafu.

Nakala: daftari la msumarini.
Kiambatisho: kufuli moja.